Kikapu Kisichobeba Kitu

Katika lugha ya Kimi'kmaw, lugha ya wenyeji wa asili wa mashariki mwa Kanada, kuna neno o'pltek. Maana yake ya karibu ni "hakiko sawa". Ndilo jina ambalo msanii Ursula Johnson aliwapa watoto wake wa ajabu: vikapu alivyovisuka kwa chane za mti, kwa ufundi ule ule ambao jamaa zake wa kisiwa cha Cape Breton wamesukia vikapu vya viazi, vya kufulia na vya kuwekea sindano na nyuzi. Chane zimechongwa vizuri, msuko umekaza, mkono wa fundi unaonekana. Ila kikapu chenyewe hakina kazi. Huwezi kukitilia kitu ukaenda nacho sokoni. Umbo limekataa.

Vikapu hivyo vilikuwa sehemu moja tu ya maonyesho yaliyofunguliwa mwaka 2014 katika ukumbi wa sanaa wa Saint Mary's University mjini Halifax, jimbo la Nova Scotia, chini ya usimamizi wa Robin Metcalfe, kisha yakazungushwa kwingineko Kanada kwa miaka iliyofuata. Jina lake ni Mi'kwite'tmn, yaani "Je, unakumbuka?" Mwaka 2017 Johnson alitwaa Tuzo ya Sanaa ya Sobey, yenye dola 50,000 za Kanada, na tangu hapo kazi hii imetajwa mara nyingi kila mazungumzo yakigusia usanifu wa kisasa wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini.

Nimeichagua kwa sababu ya uchovu fulani. Kila anayeandika juu ya usanifu wa aina hii huishia kwenye sentensi moja: jadi imekutana na usasa. Kasha la simu limechapwa nakshi ya zamani, kiatu cha michezo kimeshonewa shanga, taa ya mezani imevikwa gome la mti, na sote tunapiga makofi. Sawa, vimekutana. Vikaambiana nini? Katika kazi nyingi za namna hiyo ukiiondoa mali ghafi ya jadi, kitu kinabaki kilivyo: simu bado inapiga, taa bado inawaka. Gome lilikuwa vazi tu. Kwa Johnson mambo yamegeuzwa. Vitu vya kisasa alivyovitumia, yaani plastiki angavu, msimbopau na kompyuta, vimewekwa mahali ambapo vinafanya kazi ya kumshtaki mtu, na anayeshtakiwa ni mtazamaji pamoja na jumba lenyewe alilosimama ndani yake.

Kwanza tujue nani anasema. Wami'kmaq ni wenyeji wa Mi'kma'ki, nchi inayokusanya Nova Scotia na Prince Edward Island zote, sehemu kubwa ya New Brunswick, rasi ya Gaspé huko Quebec, pamoja na kisiwa cha Newfoundland ambacho wao hukiita Ktaqmkuk. Halifax yenyewe kwao ni Kjipuktuk, Bandari Kuu. Mikataba ya amani na urafiki waliyotiliana saini na Waingereza kati ya 1725 na 1779 haikuuza ardhi, jambo ambalo linakumbushwa mahakamani hadi leo. Johnson alizaliwa mwaka 1980 na ana asili ya Eskasoni, jamii kubwa ya Kimi'kmaw iliyoko Cape Breton, au Unama'ki. Alisomea sanaa katika chuo cha NSCAD hapo hapo Halifax. Zaidi ya shahada, yeye ni kitukuu wa Caroline Gould, msukaji wa vikapu wa We'koqma'q aliyejulikana kote katika jimbo hilo. Ukisoma kazi ya kitukuu bila kumjua bibi, umesoma nusu.

Maonyesho yana vyumba vitatu.

Chumba cha kwanza kinajifanya jumba la makumbusho lenye heshima zake. Kuna masanduku ya plastiki angavu, yale ambayo makumbusho huwekea vitu vya thamani ili visiguswe. Unasogea kuangalia ndani. Hamna kitu. Kikapu kimo juu ya ukuta wa sanduku lenyewe: mchoro wake umekwanguliwa kwenye plastiki, mistari myeupe kama ukungu, na sehemu zake zimeandikwa majina kwa Kimi'kmaw. Michoro hiyo imetokana na vikapu vya Caroline Gould.

Mtu anayepita haraka ataona ujanja wa kuvutia na kuendelea na safari yake. Asimame kidogo. Sanduku la makumbusho linatuambia kila siku kwamba kilichomo ndani ndicho kitu, na kwamba kioo hakihesabiki. Hapa kioo ndicho kilichobaki. Na maneno yaliyoandikwa pale hayakuwekewa ufunguo wa kumsaidia mgeni: jina la mdomo wa kikapu, la kitako, la mpini, la aina ya msuko, yote ni ya lugha ambayo wazungumzaji wake walipigwa vita shuleni. Shule ya bweni ya Shubenacadie, katikati ya Nova Scotia, ilifunguliwa mwaka 1930 na kufungwa 1967. Watoto wa Kimi'kmaw walichukuliwa wakapelekwa huko, na waliposema lugha yao waliadhibiwa. Sasa fikiria jina la sehemu ya kikapu. Ni neno ambalo mtu hulipata akiwa ameketi sakafuni karibu na bibi, bibi akisema "nipe ile", "kaza hapa", "usiukate huo". Halimo katika maombi wala katika hotuba. Likikosa goti la bibi la kukalia karibu nalo, halina njia nyingine ya kuvuka kwenda kwa kizazi kinachofuata. Anayejua kusuka ukili atanielewa upesi. Majina ya chane, ya miyaa na ya mishono hayafundishwi darasani popote.

Ndiyo maana nasema plastiki pale si pambo. Johnson angeweza kuchora kwenye karatasi. Alichagua nyenzo ambayo ndiyo ukuta kati ya mkono wa mtu na kikapu, akaandikia huko huko.

Chumba cha pili ni ghala la hifadhi. Rafu zimepangwa, na juu yake ndipo walipo o'pltek. Kila kimoja kina msimbopau, ile mistari myeusi tunayoijua kutoka kwenye sabuni na paketi za biskuti. Mgeni anaruhusiwa kushika, anapitisha mashine, na kompyuta inamletea taarifa za kitu hicho kama ilivyo desturi ya taasisi: namba, vipimo, maelezo makavu.

Hapa kuna kicheko cha chini kwa chini ambacho nadhani wachambuzi wengi wamekipita. Kikapu kisichofaa kwa lolote kimepewa karatasi zote za kitu cha maana. Kimepimwa, kimehesabiwa, kimeingizwa kwenye mashine. Na mfumo umekubali, haukuuliza kama kinabeba kitu. Kwa karne nzima na zaidi makumbusho za Ulaya na Amerika zilipokea vikapu, masanduku na viti kutoka mikono ya Wami'kmaq, na kadi ya maelezo ikaandikwa umbo, mwaka wa kununuliwa na jina la aliyenunua. Mahali pa jina la fundi, mara nyingi, palikaa neno moja: hajulikani. Ni jambo la kushangaza, kwa sababu vitu hivyo vilinunuliwa kwa fundi, uso kwa uso, mara nyingi mlangoni.

Niseme kidogo juu ya hili la kununua, maana linabomoa ile hadithi ya jadi iliyokaa kimya msituni mpaka usasa ulipokuja kuiamsha.

Wami'kmaq walikuwa wakichanganya mali ghafi zao na vitu vya kisasa vya wakati wao tangu kitambo. Chukua kazi ya miiba ya nungunungu. Fundi huchukua gome la mti wa birchi, mti wa nchi za baridi ambao gome lake hubanduka kama karatasi nene, akalitoboa kwa msumari mwembamba na kupenyeza mwiba uliolowekwa na kutiwa rangi, ncha zake zikakunjwa nyuma. Gome likikauka, tundu hukaza na kuubana mwiba usichomoke. Nungunungu mmoja ana miiba inayofikia 30,000 hivi, kwa hiyo upungufu haukuwa wa miiba. Ulikuwa wa saa na wa macho. Kwa ufundi huu walitengeneza masanduku yenye vifuniko kwa ajili ya maofisa wa jeshi na wageni waliopita Halifax. Halafu, katika karne ya 19, wakaingia kwenye samani za sebuleni: makalio na migongo ya viti vya mtindo wa wakati wa Malkia Victoria, fremu ikichongwa na seremala Mzungu, paneli ya gome na miiba ikitoka kwa mwanamke wa Kimi'kmaw. Rangi za viwandani zilipoanza kuuzwa baada ya ugunduzi wa 1856, nazo zikaingia kwenye miiba, zikang'aa hata kupita kiasi.

Katika jumba la makumbusho la DesBrisay, mjini Bridgewater, kipo kitanda cha mtoto cha kubembea ambacho paneli zake zilifanywa na Christianne Morris mwaka 1868. Jina lake tunalijua. Ni mmoja kati ya wachache. Kitanda kile ni samani ya kisasa ya mwaka wake, imevikwa mali ghafi ambayo ina umri wa misitu, na hakuna aliyeona haja ya kuandika insha kwamba jadi imekutana na usasa. Alikuwa anafanya kazi, analipwa, basi.

Na magongo ya hoki ya barafu je? Wachongaji wa Kimi'kmaw wa Nova Scotia ndio waliosifika kwa kuyachonga kutoka shina na mzizi wa mti mgumu, ili ile kona ya chini ifuate mkunjo wa nyuzi za mti na isivunjike. Kampuni ya Starr Manufacturing ya Dartmouth, ng'ambo ya bandari ya Halifax, iliuza magongo yenye chapa "Mic-Mac". Jina la watu likawa nembo ya bidhaa. La mchongaji hakuna aliyelihitaji. Ukirudi sasa kwenye ule msimbopau wa Johnson, unaona uchungu wake ulikotoka.

Sasa chumba cha tatu, ambacho kwangu ndicho kinachobeba maonyesho yote.

Kina gogo na zana. Johnson mwenyewe anaingia na kufanya kazi: anamenya, anapasua, anavuta kisu cha mikono miwili, chane zinaanguka. Ni hatua zote za kuutayarisha mti kwa ajili ya kusuka. Ila hasuki. Kikapu hakiji. Anaendelea kumenya mpaka gogo linakwisha, na kinachobaki sakafuni ni rundo.

Kuielewa jeuri ya tendo hili lazima ujue gogo la kikapu linavyopatikana. Mti unaopendwa kuliko yote kwa kazi hii Wami'kmaq wanauita wisqoq (kwa Kiingereza, black ash). Huota kwenye ardhi chepechepe, kandokando ya vijito na vinamasi, na una tabia moja ya pekee. Kila mwaka mti huongeza pete mbili: ya majira ya kuchipua, yenye vitundu vikubwa, laini kama sponji, na ya kiangazi, iliyoshikana na kuwa ngumu. Fundi huuchagua ulionyooka, usio na mafundo mengi, akauangusha, akaondoa gome, kisha akaugonga gogo zima kwa kisogo cha shoka, kidole kwa kidole, kutoka ncha hadi ncha. Mapigo huiponda ile tabaka laini, na pete ngumu ya mwaka mmoja hubanduka ndefu kama mkanda. Mwaka mmoja, mkanda mmoja. Kisha huupasua mkanda kwa unene, huukwangua uteleze, huupitisha kwenye kifaa chenye meno ili ugawanyike kuwa chane za upana sawa. Ndipo kusuka kunaanza. Hakuna msumeno wala gundi. Mti wenyewe umeshachora mahali pa kupasulia.

Fundi akiitazama chane anaweza kukuambia mwaka ule mti ulipata maji au ulikauka. Chane nene ni mwaka wa neema.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kikapu iko kabla ya kikapu. Kumtafuta mti, kumjua, kumgonga siku nzima: huko ndiko maarifa yaliko. Kusuka ni sehemu ambayo mgeni huiona kwa sababu hufanyika akiwa amekaa kivulini. Johnson amekata mkia wa hadithi na kutuachia kichwa. Kelele za shoka na kisu zinasikika katika ukumbi ambako watu wamezoea kunong'ona. Anayengojea kikapu atangoja bure, na katika kungoja huko anaweza, kama ana subira, kuanza kuona kile ambacho kadi ya makumbusho haikuwahi kukiandika.

Hapo pana hoja ya kupinga, na nisiipite. Je, si ubadhirifu? Mti unaofaa kwa vikapu umekuwa adimu, halafu fundi mjuzi anausaga mbele ya hadhira ya chuo kikuu hadi unakuwa taka. Wapo watakaosema bibi yake angesikitika. Mimi naiona hoja ina uzito, na sidhani maonyesho yanaikwepa. Yanaitegemea. Kama hakuna anayeumia kuona gogo linakwisha bila kikapu, basi chumba cha tatu kimeshindwa. Tatizo ninaloliona mimi ni jingine: mtazamaji asiyejua chochote juu ya vikapu haumii. Anaona mwanamke anachonga mti. Atapiga picha. Vyumba viwili vya kwanza vina maelezo ya kutosha ya kumshika mgeni hata kama haelewi lugha. Cha tatu kinadai mtu aje na ujuzi wake mwenyewe, na siku ambayo Johnson hayupo, kinachobaki ni rundo la vipande na zana, ambavyo peke yake havisemi sana. Sehemu yenye nguvu kuliko zote ndiyo isiyosafiri vizuri.

Tulinganishe na kazi ya jirani. Jordan Bennett, Mmi'kmaw kutoka Stephenville Crossing, Ktaqmkuk, aliyeiwakilisha Newfoundland na Labrador pamoja na Anne Troake katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice (Biennale) mwaka 2015, alitengeneza mwaka 2010 kitu alichokiita Turning Tables: jozi ya mashine za santuri za DJ zilizochongwa kwa mbao za aina kadhaa. Mahali pa santuri pamekaa kipande cha mti kilichokatwa kama sahani, pete zake za umri zikiwa ndiyo mifereji. Sindano inatembea juu ya miaka ya mti, na spika zinatoa mikwaruzo na mipasuko.

Kazi hii inasafiri popote. Mtoto wa Halifax na wa Vancouver ataielewa kabla hajasoma neno. Na inafaulu mtihani wangu ule wa mwanzo: toa mti, weka plastiki, hakuna kilichobaki, kwa maana sauti ni ya mti. Muundo wake ni wa werevu mno, kila kitu kinaingia mahali pake, mduara wa santuri na mduara wa umri. Pengine unaingia vizuri kupita kiasi. Turning Tables inakuacha ukitabasamu. Inasema: sisi ni wa mji pia, tunacheza muziki wa mji, na mti wetu nao una wimbo. Ni kweli, na ilihitaji kusemwa mbele ya wale wanaotaka mwenyeji wa asili abaki na mtumbwi na manyoya. Johnson anasema jambo gumu zaidi kulifurahia: kwamba kuna mahali ambapo mali ghafi, lugha na mkono vinakatika kwa pamoja, na kwamba taasisi inayotupatia ukumbi wa kulisemea hili ni mshirika katika kukatika huko.

Haina maana mmoja amemzidi mwenzake. Ila wabunifu wengi wachanga, Wami'kmaq na wasio Wami'kmaq, wanafuata njia ya kuoanisha maumbo, kwa sababu inapigwa picha vizuri. Umbo la nyota ya miiba linafanana na alama fulani ya programu ya simu, basi kazi imekwisha. Bennett anaweza kuifanya kwa sababu ameishi na mbao. Mwingine anayeiga juu juu anapata fulana.

Kuna jambo jingine katika kisa hiki ambalo maonyesho hayangeweza kulijua yalipofunguliwa, ingawa dalili zilikuwepo. Mwaka 2013 serikali ya Nova Scotia iliuingiza wisqoq katika orodha yake ya viumbe walio hatarini. Sababu zilikuwa za zamani: vinamasi vilivyokaushwa, ukataji, miti michache iliyokomaa kiasi cha kuzaa mbegu. Kisha akaja mbawakawa. Ni mdudu mdogo wa kijani kinachometa kama chuma kilichosuguliwa, asili yake Asia ya Mashariki, aliyetambuliwa Amerika Kaskazini mwaka 2002 katika eneo la Detroit na Windsor. Mdudu mzima hula majani na madhara yake ni madogo. Mabuu yake ndiyo yanayoua: huchimba njia za kupindapinda chini ya gome, pale pale ambapo mti hupitishia chakula chake, na baada ya miaka michache mti unakauka kuanzia kileleni. Mwaka 2018 akaonekana Bedford, kitongoji cha Halifax.

Tazama mahali anapochimba. Ni katikati ya gome na pete ya mwisho, safu ambayo mwaka ujao ingekuwa chane.

Waliokuwa wakiiona ile performansi ya gogo kama fumbo la kisanii sasa wanaweza kuisoma kama taarifa. Wasukaji wengine wa Nova Scotia wametumia kwa muda mrefu miti mingine, mepo na popla miongoni mwake, na wana maneno ya kuisifia na ya kuilaani. Mepo hautoi mkanda kwa kugongwa. Unahitaji kuchanwa kwa kisu, na kazi inakuwa nyingine, na majina ya hatua zake yanabadilika. Mali ghafi ikibadilika, kamusi inabadilika. Huku ndiko chumba cha kwanza na cha tatu vinakokutana, na nakiri nilisoma juu ya maonyesho haya kwa muda kabla sijaliona: majina kwenye plastiki ni majina ya vitu ambavyo mti ule mmoja ndio uliovizaa.

Juhudi zipo, na hazifanywi na wasanii peke yao. Taasisi ya maliasili ya Unama'ki, iliyoko Eskasoni, imeshughulika na ukusanyaji wa mbegu na upandaji wa miche ya wisqoq. Mbegu yenyewe haina haraka. Hulala ardhini zaidi ya msimu mmoja kabla ya kuchipua. Upande wa lugha, mwaka 2022 Nova Scotia ilipitisha sheria inayoitambua Kimi'kmaw kuwa lugha ya kwanza ya jimbo hilo, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba. Sheria haiwezi kumkalisha mtoto karibu na bibi, lakini inaweza kulipia mwalimu.

Nikiambiwa nitoe hukumu kama mtu anayependa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono, nitasema chumba cha pili ndicho kinachonirudia usiku. Kile cha tatu kina nguvu, cha kwanza kina uzuri wa baridi, lakini cha pili kina kitu ambacho sijakiona kwingine: kinakupa ruhusa ya kushika, kisha kinakufanya ujione ukishika vibaya. Unachukua kikapu, unatafuta mdomo wake ili ujue kipi ni juu na kipi ni chini, hupati. Unakigeuza. Unatafuta mpini. Mkono wako unajua kikapu ni nini kuliko kichwa chako, na sasa mkono umechanganyikiwa. Hapo ndipo unapoukimbilia msimbopau, kwa sababu mashine angalau itakuambia namba.

Miche ya Unama'ki itahitaji miongo mingi kufikia unene wa kugongwa kwa kisogo cha shoka, kama mbawakawa ataiacha. Plastiki ya chumba cha kwanza haiozi. Siku gogo la kwanza litakapoangushwa, michoro ile na majina yake vitakuwa bado vinasomeka, na atakayekuwa ameshika shoka atahitaji mtu wa kumwambia kwa Kimi'kmaw aanzie kugonga wapi.